Karatasi Inayokunywa Wino: Hotuba kwa Wachapaji na Wenye Steshonari wa Mtwara na Lindi

Hotuba hii ilitolewa Mtwara mjini mbele ya wachapaji, wenye steshonari, walimu wa taaluma na makarani wa vyama vya msingi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana wa mashine: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Poleni na safari mliotoka Lindi, Masasi, Newala na Nachingwea.

Leo tunazungumza juu ya karatasi isiyopakwa. Ndiyo bondi, ile iliyojaa kwenye rafu zenu. Ndiyo ya mitihani, ndiyo ya barua, ndiyo ya vitabu vya stakabadhi, ndiyo ya fomu za mkopo. Tumeizoea mno mpaka hatuiulizi chochote. Mteja akitaka kitu cha heshima, anaambiwa achukue ati pepa inayong'aa. Akitaka cha bei ndogo, anapewa bondi. Basi nawauliza: nani hapa anaweza kumweleza mteja tofauti ya karatasi hizi mbili bila kutaja bei?

Zote mbili huanza na nyuzi za mti. Nyuzi huchanganywa na maji mengi, hutandazwa juu ya wavu unaokwenda mbio, hukamuliwa, hukaushwa kwa mitungi ya moto. Bondi huishia hapo, pamoja na wanga kidogo juu na dawa ndani ya kupunguza kasi ya maji kupenya. Ati pepa huongezewa tabaka la unga mweupe: kaolini, udongo uleule uliojaa katika vilima vya Pugu kule Dar es Salaam, au unga wa chokaa, ukishikwa na gundi. Kisha husuguliwa kati ya roli mpaka ing'ae. Tabaka lile huziba matundu. Kwenye bondi matundu yako wazi, na wino ukigusa, unaingia.

Karatasi isiyopakwa inakunywa. Inakunywa wino wa mashine, inakunywa wino wa kalamu, inakunywa wino wa muhuri, na hapa kwetu pwani inakunywa hewa ya bahari usiku na mchana. Uzuri wake unatoka hapo na usumbufu wake unatoka hapohapo. Mchapaji anayejua inakunywa nini, kwa kiasi gani na wakati gani, anaimudu. Asiyejua atailaumu mashine maisha yake yote.

Tuanze na muhuri.

Hebu mfikirieni mwalimu mkuu anayetaka vyeti vya wahitimu. Wazazi wamechanga, kamati imeidhinisha, na yeye anataka watoto watoke na kitu cha kujivunia. Anashauriwa achapishe kwenye ati pepa ya gramu 200, yaani uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo. Vyeti vinafika vinameremeta. Siku ya mahafali anaketi kusaini. Kalamu inateleza, sahihi inakatika katikati. Anagonga muhuri, anaweka cheti juu ya mwenzake, anaendelea. Akifika cha ishirini anageuza nyuma: kila cheti kina kivuli cha muhuri wa cheti cha chini yake, na mihuri yenyewe imesambaa imekuwa doa la zambarau.

Kosa liko wapi? Kalamu ni nzima, na muhuri ni mzima. Wino wa muhuri hutengenezwa usikauke upesi, kwa sababu ukikauka upesi hata kidau chake kingekauka. Ndani yake mna maji na vitu kama glisirini vinavyoushikilia unyevu. Wino huo hautegemei upepo kukauka, unategemea kunywewa. Kwenye bondi unanywewa kwa sekunde chache. Kwenye ati pepa unabaki juu, unasubiri kidole cha mtu.

Kwa hiyo chochote kitakachoandikwa kwa mkono, kitakachosainiwa au kugongwa muhuri kiende kwenye karatasi isiyopakwa. Vyeti viende kwenye bondi nzito ya gramu 120 hadi 160, au kadi isiyopakwa ya gramu 200. Mkitaka urembo, wekeni mpaka wenye rangi au nembo iliyobonyezwa ikainuka. Msitafute urembo kwenye mng'ao. Kadi za michango ya harusi nazo ni hivyohivyo: kama kuna mstari wa kuandika jina la mwalikwa, upande huo usiwe wa kung'aa.

Makarani wa vyama vya msingi, ninyi ndio mnaoumizwa zaidi na jambo hili. Oktoba inaingia, korosho zinaanza kuletwa, foleni imefika barabarani. Karani anaandika uzito, daraja, tarehe, anagonga muhuri, anamwita mwingine. Mkono wa mkulima una vumbi na jasho, na karatasi ile itakunjwa mara nne iingie mfukoni mpaka siku ya malipo. Mkulima yule anadai kwa karatasi ile. Je, ni haki maandishi yake yafutike kwa sababu mtu alichagua karatasi kwa kuitazama tu? Kwa nakala moja, bondi ya gramu 80 inatosha kabisa. Kwa zile za NCR zinazojinakili zenyewe, jueni kwamba nyuma ya karatasi ya juu kumepakwa vidonge vidogo sana vya rangi ambavyo hupasuka kwa mgandamizo. Mkivibana kwenye mashine ya kukatia bila kuweka kadi juu, au mkipanga maboksi mazito juu yake, vinapasuka kabla ya kalamu kufika, na nakala inatoka na madoa ya buluu.

Na hapa niongeze jambo linalowagusa wenye maduka wote. Risiti za mashine ya EFD zimechapwa kwenye karatasi ya joto. Karatasi hiyo imepakwa dawa inayobadilika rangi ikipashwa moto, haina wino hata kidogo. Ukiiacha juani, kwenye dashibodi ya gari, au ndani ya mfuko wa plastiki laini, maandishi yanafifia, au karatasi yote inabadilika rangi, hayasomeki tena. Risiti unayotaka kuitunza itoe kopi kwenye bondi siku ileile, uzibane pamoja.

Walimu wa taaluma, Riso zenu, zile mashine za kudurufu mitihani, nazo zinaingia hapa. Wino wa Riso ni mchanganyiko wa mafuta na maji, nao hukauka kwa kunywewa na karatasi. Msiweke ati pepa humo, haitakauka leo wala kesho. Kwa mtihani wa pande mbili, chapeni upande wa kwanza, acheni rundo lipumzike walau nusu saa, na siku za mvua liacheni zaidi. Ndipo mgeuze. Mkigeuza upesi, roli inachukua wino mbichi na kuuacha kwenye karatasi inayofuata, mtoto anasoma swali la 12 likiwa na kivuli cha swali la 3. Na gramu 60 kwa pande mbili ni hasara. Chukueni karatasi moja tupu, iwekeni juu ya ukurasa uliochapwa herufi nene nyeusi. Mkiweza kusoma kilicho chini bila kukaza macho, karatasi hiyo haifai kwa pande mbili. Gramu 70 ndiyo ya chini ninayoweza kuipendekeza kwa mtihani, na 80 ni bora.

Sasa hewa ya bahari. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo fedha nyingi zinapopotelea katika mikoa yetu miwili.

Tuseme chumba cha uchapaji chenye mashine ya ofseti ya rangi moja kimepata kazi mwezi Januari. Ni kitabu cha nyimbo za kwaya, vichwa vyekundu, maneno meusi. Ijumaa jioni wanachapa nyeusi, karatasi elfu tatu. Rundo linabaki wazi juu ya mbao. Jumatatu wanafunga bamba la nyekundu, lile bati linalobeba maandishi ya rangi hiyo. Katikati ya karatasi vichwa vinakaa mahali pake, pembeni vimesogea. Wanasogeza bamba kushoto, upande mmoja unakaa na wa pili unaharibika. Wanasogeza kulia, inakuwa kinyume. Mwenye mashine anamlaumu fundi, fundi analaumu bamba, na aliyetengeneza bamba analaumu kompyuta. Nani hajawahi kuisikia kesi hii?

Karatasi ndiyo imekua. Bondi hutoka kiwandani ikiwa na maji kama asilimia 5 ya uzito wake, kiasi kinacholingana na hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hivi. Msimu wa mvua, hewa ya pwani yetu mara nyingi hupita asilimia 80. Karatasi ikiachwa wazi katika hewa hiyo inakunywa mpaka ilingane nayo. Uzi wa mti ukinywa maji hurefuka kidogo sana, lakini hunenepa sana. Na kwa kuwa kiwandani nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine, karatasi nzima hupanuka zaidi upande unaokata mkondo wa nyuzi kuliko upande unaoufuata, mara kadhaa zaidi. Pigeni hesabu: karatasi ya upana wa sentimita 61 ikipanuka sehemu moja tu katika elfu, imeongezeka zaidi ya nusu milimita. Jicho la mteja linaona rangi iliyohama robo ya milimita.

Tena rundo halinywi sawasawa. Kingo zinagusa hewa, katikati hakuguswi. Kingo zinapanuka, katikati hakupanuki, na matokeo yake ni kingo zenye mawimbi. Mkiiingiza karatasi ya namna hiyo kwenye ofseti, silinda inayalaza yale mawimbi kwa nguvu, na mkia wa karatasi unatoka na mikunjo. Kinyume chake pia hutokea. Karatasi iliyokwisha kunywa unyevu ikiingizwa kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali, kingo hukauka na kujikaza, katikati inabaki imevimba. Kwa hiyo kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni adui. Karatasi inapanuka na kunywea kila siku, haitulii. Afadhali chumba chenye unyevu wa kiasi usiobadilika. Nunueni kipima unyevu, kifaa kidogo tu cha kutundika ukutani, mkitundike karibu na rundo, wala kisiwe karibu na mlango. Kikisoma kati ya asilimia 45 na 60, chapeni kwa amani. Kikipanda juu ya 70, fanyeni haya nitakayosema.

Rimu msizifungue mpaka siku ya kazi. Zileteni kwenye chumba cha mashine zikiwa zimefungwa, zikae humo usiku na mchana mzima kabla ya kufunguliwa ili zilingane na joto la chumba. Zikitoka stoo yenye ubaridi zikafunguliwa papo hapo kwenye chumba cha joto, hewa inayozigusa inapoa na kuacha unyevu kwenye kingo. Karatasi ya kufungia rimu ni ya maana: ndani yake mna utando wa nta au plastiki uliowekwa kuzuia unyevu. Basi kwa nini mnazichana zote asubuhi ili mwonekane mko tayari? Stoo iwe na chaga, rimu zisiguse sakafu, ziachwe kiasi cha kiganja kutoka ukutani. Saruji hupitisha maji, na ukuta wa upande wa mvua hupitisha zaidi. Chaga hiyohiyo itawasaidia kuwaona mchwa mapema.

Kazi ya rangi mbili ichapwe siku moja. Ikishindikana, rundo lifunikwe nailoni kuanzia juu hadi kwenye chaga, pande zote nne. Kufunika juu peke yake hakusaidii, maana unyevu unaingia ubavuni.

Halafu jifunzeni kuutambua mkondo wa nyuzi. Kateni kipande cha mraba cha sentimita 10, kitieni alama kuonyesha kilivyokaa kwenye karatasi kubwa, kilowesheni upande mmoja kwa kidole. Kitajikunja kiwe mrija. Mrija unakoelekea, ndiko nyuzi zinakoelekea. Au chaneni: ukichana kufuata nyuzi mpasuko unanyooka, ukikata nyuzi unakwenda ovyo. Kwenye ofseti ya rangi zaidi ya moja, mkondo ulale sambamba na silinda, yaani kufuata upande mrefu wa karatasi, kwa sababu upanuzi utakaotokea utazunguka silinda, na fundi anaweza kuurekebisha kwa kuongeza au kupunguza karatasi za chini ya bamba. Na kwenye kitabu, mkondo uende sambamba na mgongo wake. Mkondo ukiukata mgongo, gundi inapopakwa karatasi inajaribu kupanuka ikazuiwa, mgongo unafanya mawimbi, na kitabu hakikubali kufunguka kikalala. Mmewahi kuona kitabu kipya kinachojifunga chenyewe mkononi? Mara nyingi sababu ni hiyo, na ilikuwa inazuilika kabla ya kisu kushuka.

Wenye vibanda vya kopi, msidhani haya ni ya wenye ofseti peke yao. Printa ya leza huyeyusha tona, yaani unga wa wino, kwa roli yenye joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Karatasi yenye unyevu ikipita hapo, maji yake yanageuka mvuke ghafla. Karatasi inajikunja, inanasa mlangoni. Na kabla hata ya kufika huko, karatasi yenye unyevu hupitisha umeme, kwa hiyo tona ambayo ilitakiwa ivutwe na umeme inashika vibaya. Kopi inatoka na mabaka yaliyofifia. Mnabadilisha tona, mnamwita fundi, mnalipa, kesho yake tatizo liko palepale. Kabla ya kumwita fundi, fungueni rimu mpya mjaribu karatasi kumi. Zikitoka safi, mashine yenu ni nzima. Jioni ondoeni karatasi iliyobaki kwenye trei, irudisheni kwenye mfuko wa nailoni, mfunge mdomo. Na rimu ikiwa na mshale pembeni, mshale huo unaonyesha upande wa kuchapwa kwanza. Kuufuata kunapunguza kujikunja.

Nije kwenye nyuso za watu wetu.

Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kinataka kijitabu cha kusherehekea mwaka wao, chenye picha ya kila mwanachama, kwenye bondi ya gramu 80. Kwenye kompyuta picha zinavutia. Kijitabu kinatoka, nyuso zote zimekuwa nyeusi tii. Macho hayaonekani, ushungi umeungana na shavu. Mama anatafuta picha yake anakuta kivuli. Mchapaji anasema, "Ndiyo bondi ilivyo, mngechukua ati pepa." Jibu hilo silikubali hata kidogo. Mtu amelipa fedha yake, ana haki ya kuonekana.

Picha kwenye uchapaji ni doti. Doti kubwa kwenye giza, doti ndogo kwenye mwanga. Karatasi inayokunywa inaisambaza kila doti. Sehemu uliyoitengeneza kwa asilimia 50, yaani nusu yake imefunikwa na doti, inaweza kuonekana kama asilimia 70 au zaidi ikishatua kwenye bondi. Sehemu ya asilimia 80 inaziba kabisa. Sasa ngozi yetu nyingi iko wapi kwenye kipimo hicho? Iko hasa kati ya 50 na 80. Ndiyo maana picha ya ukuta mweupe inatoka salama na picha ya mama yako haitoki. Mipangilio mingi ya picha inayokuja na programu imeandaliwa kwa ngozi nyeupe na karatasi iliyopakwa. Ukiitumia ilivyo, unawafuta watu wako.

Dawa ipo, tena haina gharama. Kwanza, kwenye kompyuta chagueni wasifu wa rangi wa karatasi isiyopakwa kabla ya kugeuza picha kuwa rangi nne. Pili, inueni mwanga wa sehemu za kati: ile iliyokuwa 50 ishuke mpaka 38 au 40, na giza la mwisho lisizidi 90. Usoni hakikisheni kuna tofauti kati ya paji, shavu na shingo, hata kama kwenye kioo picha inaonekana imepauka. Tatu, jumla ya rangi nne mahali penye giza kuliko pote, kila rangi ikihesabiwa hadi 100, isizidi asilimia 300. Kwa mashine zetu na unyevu wetu, 270 ni salama zaidi, maana wino ukizidi haunyweki wote, unahamia nyuma ya karatasi ya juu. Nne, idadi ya mistari ya doti iwe 120 au 133 kwa inchi. Ile ya 175 iachieni ati pepa, kwenye bondi doti zake zinagusana. Na mpigapicha aambiwe mapema: mwanga utoke mbele kidogo ya ubavu, mtu asipigwe akiwa amelipa jua mgongo.

Maneno yawe meusi ya rangi moja, wala yasiwe meusi ya rangi nne, la sivyo kila herufi itakuwa na ukungu pembeni. Maneno meupe ndani ya boksi jeusi yasiwe chini ya pointi 9, tena yawe manene, kwa sababu wino unasogea kutoka pande zote mbili na kula weupe. Na sampuli ya kuthibitisha ichapwe kwenye karatasi ileile itakayotumika. Mteja asithibitishe kazi ya bondi kwa kuangalia simu. Simu inatoa mwanga, karatasi inaumeza.

Picha iliyoandaliwa hivi kwenye bondi ina utulivu ambao ati pepa haina. Haiakisi taa usoni mwako. Ndiyo sababu vitabu vya kusoma kurasa mia huchapwa kwenye karatasi isiyopakwa, na mwanafunzi anayesoma usiku kwa taa ya sola anaijua tofauti.

Kuhusu vumbi nitasema machache. Bondi huacha nyuzi na unga. Ukiona doti nyeupe yenye duara kwenye sehemu nyeusi, uzi umekaa kwenye bamba au kwenye blanketi, ule mpira unaopokea wino kutoka kwenye bamba. Simamisheni, osheni. Chanzo kikubwa ni kisu butu cha mashine ya kukatia, kinachochana badala ya kukata. Kinoeni, na kabla ya kupakia rundo lipanguseni kingo kwa kitambaa kikavu. Wino unaonata kupita kiasi nao hung'oa nyuzi, punguzeni ukali wake. Na maji ya mashine yapimeni asidi kila asubuhi kwa karatasi ya rangi: yawe kati ya pH 4.8 na 5.3, na kumbukeni namba ikipanda asidi imepungua. Bondi za siku hizi zina unga wa chokaa ndani, na chokaa hula asidi. Kipimo kikipanda karibu na 6, bamba linaanza kushika wino pasipotakiwa.

Unga huohuo wa chokaa, hata hivyo, umeokoa vitabu. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alichapisha njia ya kuzuia karatasi isinywe sana kwa kutumia utomvu wa msonobari na shabu. Ilikuwa njia nyepesi, ikaenea duniani. Lakini shabu huacha asidi ndani ya karatasi, na asidi hukata nyuzi kidogo kidogo, upesi zaidi penye joto na unyevu. Karne ya 20, Mmarekani William J. Barrow alizipima karatasi za vitabu na kuonyesha kwamba vingi vya karne hiyo vilikuwa vimedhoofika sana ilhali vya kale zaidi bado ni imara. Baadaye viwanda vikahamia kwenye njia isiyo na asidi, na chokaa ikapata nafasi ya kuwekwa ndani.

Hili linatuhusu vipi? Tuna madaftari ya ndoa misikitini na makanisani, ya wanachama wa vyama, ya mashamba ya vijiji. Ndanda, hapo Masasi, Wabenediktini wamechapa vitabu vya Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Mikoa hii ina maandishi ya kutunza, na hewa yetu ni ya joto na unyevu, hivyohivyo visivyotakiwa. Daftari la kukaa miaka hamsini lisitengenezwe kwa karatasi ya gazeti, ambayo nyuzi zake bado zina lignini, gundi ya asili ya mti, inayogeuka kahawia kwa mwanga. Tafuteni rimu iliyoandikwa kwenye karatasi yake ya nje kwamba haina asidi. Ikiandikwa ISO 9706, hiyo imepitishwa kwa kumbukumbu za kudumu. Gramu 100, mshono wa uzi, na mkondo wa nyuzi sambamba na mgongo.

La mwisho ni kununua. Watu wanauziwa gramu 70 kwa bei ya 80, na wengine wanauziwa rimu isiyotimia karatasi 500. Mtajuaje?

Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, na karatasi 16 hufanya mita moja ya mraba. Kwa hiyo karatasi ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 kila moja, na rimu yake ni kilo 2.5. Rimu ya gramu 75 ni kilo 2.34. Ya gramu 70 ni kilo 2.18. Ya gramu 60 ni kilo 1.87. Andikeni namba hizo ukutani. Kwa karatasi kubwa ya sentimita 61 kwa 86, rimu ya gramu 80 ni kilo 21, na ya gramu 70 ni kilo 18.4. Tofauti ya gramu mia hivi kwenye rimu ya A4 msigombane nayo, viwanda vinaruhusiwa kutofautiana kidogo, na karatasi iliyokunywa unyevu huongezeka uzito. Lakini rimu iliyoandikwa 80 ikisoma kilo 2.2, kuna jambo. Hapo ifungueni, hesabuni. Zikitimia 500, gramu ni za uongo. Zikipungua, mnajua kilichopungua. Pimeni pia unene: rimu ya gramu 80 ina kimo cha karibu sentimita 5. Na msinunue rimu iliyopasuka karatasi ya nje kwa sababu imepunguzwa bei, mtailipia kwenye mashine.

Mizani ya dukani ipo hapa mezani, na tuliwaomba kila duka lije na rimu moja iliyofungwa. Waliokaa mbele waanze, wataje gramu zilizoandikwa, kisha tusome mizani kwa sauti.